Wino Mwekundu wa Bi Nukta

Jina la Bi Nukta si la kuzaliwa. Alipewa na wapangaji kurasa wa kampuni ya vitabu, watu wasio na haya, siku aliporudisha kitabu kizima cha kurasa mia tatu kwa sababu sentensi ya mwisho haikuwa na nukta. Walidhani watamkera. Kumbe mwenzao alilipenda, na sasa ni miaka ishirini na minane, hata bahasha za ofisini zinamfikia kwa jina hilo hilo.

Kazi yake ni kusoma prufu. Mwandishi akishaandika, mhariri akishahariri, mpangaji akishapanga, kurasa humfikia yeye, na baada yake hakuna mwingine ila mashine ya kuchapa. Kosa likimpita yeye, limetupita sote. Husoma kila kitabu mara mbili. Mara ya kwanza husoma kama wewe na mimi, mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili huanzia neno la mwisho la kitabu, akarudi nyuma neno kwa neno, rula mkononi, kwa sababu, anasema, ukifuata habari, habari inakupumbaza, na jicho linaona kinachotakiwa kuwepo badala ya kilichopo. Watu wa nyumbani wamemzoea. Mgeni akimkuta ananong'ona kitabu kinyumenyume, huomba maji ya kunywa na kuaga mapema.

Halafu kuna suala la wino. Pale kwenye kampuni, wino wa kijani ni wa mwandishi, wa bluu ni wa mhariri, mwekundu ni wa msomaji prufu. Sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini ole wako uivunje. Mwaka mmoja msomaji mgeni alitumia kalamu ya bluu. Mpangaji akadhani ni alama za mhariri alizokwisha kuzishughulikia, akaziruka zote, na kitabu cha hesabu kikaenda shuleni kikiwafundisha watoto kwamba saba mara nane ni sitini na tano. Mgeni yule hakuonekana tena, na kalamu za bluu zikaogopwa kama nyoka.

Basi siku moja mhariri mkuu, mtu mpole asiyejua kutoa habari mbaya, alimwita Bi Nukta, akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za nyumbani mara tatu. Alipoishiwa na salamu ndipo akasema.

"Bi Nukta, karatasi basi. Kuanzia kitabu hiki tunatumiana mafaili tu. Unasoma kwenye kifaa, unaweka alama kwenye kifaa, unaturudishia. Huu ni mwongozo wa wauguzi wa watoto. Una siku kumi."

"Na nisipoweza?"

Mhariri mkuu alitazama dari. "Nitalazimika kutafuta msomaji mwingine. Usinichukie."

Hakumchukia. Aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na katika maisha yake yote hakuna jambo alilolijua kama kukamata kosa. Njiani alisoma mabango yote ya maduka kama kawaida yake, akakuta makosa manne, na kwa mara ya kwanza hayakumchekesha.

Nyumbani anaishi na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mkwe huyo ni msusi, amegeuza chumba cha mbele kuwa saluni, na mdomo wake hufanya kazi sambamba na vidole. Alisikiliza habari yote bila kuacha kusuka.

"Mama, hilo nalo ni la kukukosesha raha? Tumia simu."

"Simu ni ndogo, mwanangu. Ukurasa mzima unakuwa kama stempu."

"Basi kompyuta ya mume wangu ile."

"Kwenye kompyuta nitaandika kwa vidole. Mimi kosa nalikamata kwa mkono. Nikishika kalamu ndipo macho yanafunguka."

Mteja aliyekuwa akisukwa, kichwa kimeinama, akatoa hukumu kutoka chini. "Basi anataka tableti yenye kalamu."

"Kishikwambi," Bi Nukta akamsahihisha. Hata katika majonzi, mwenye ugonjwa wake haachi.

Kesho yake asubuhi walikwenda wote wawili kwenye duka la vifaa vya umeme, Bi Nukta na akiba aliyokuwa ameiweka ya godoro jipya, mkwe na ulimi wa kuombea punguzo. Muuzaji, kijana nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakata, alianza kusifu kamera. Akasifu spika. Akasifu kasi ya kuchezea michezo. Bi Nukta alimwacha amalize, kisha akafungua mkoba, akatoa rula.

"Nataka kujua mambo manne," akasema. "Nikiandika pambizoni, wino unafuata kalamu au unachelewa? Nikilaza kiganja kwenye kioo, kinachafua ukurasa? Nikisoma saa tano mfululizo, macho yatakuwaje? Na faili la PDF likishawekwa alama, linarudi lilikotoka na alama zake?"

Muuzaji alimtazama mkwe kama anayeomba msaada. Mkwe akainua mabega.

Cha kwanza kilikuwa cha bei poa sana, lakini ukiandika neno, wino ulikuja nyuma ya kalamu kama mtoto aliyelazimishwa kwenda shule. Bi Nukta alikirudisha kabla hajamaliza sentensi. Cha pili kilikuwa kizuri kupita kiasi, chepesi, kalamu inateleza, lakini mkwe aliposikia bei alikiweka mezani polepole kwa mikono miwili, na hakuna aliyekigusa tena. Vikabaki viwili vilivyoingia ndani ya pesa ya godoro.

Kimoja kilikuwa na rangi zote za dunia, na kioo chake kiling'aa hasa. Kingine kilikuwa cha kijivu, kimewahi kutolewa kwenye boksi kwa ajili ya maonyesho na kwa hiyo kimepunguzwa bei. Skrini yake haikuwa na mwanga wa kuchoma, ilifanana na karatasi ya gazeti, na kalamu ilikwaruza kidogo juu yake kama penseli. Kiganja hakikuacha alama. Kilifungua kurasa taratibu, lakini Bi Nukta mwenyewe hafungui kurasa kwa haraka.

"Hiki," mkwe akasema. "Mama, hiki kinakufaa wewe. Kile kingine kimekaa kama kioo cha saluni, najiona mpaka pua."

Bi Nukta aliandika ile alama yake ya kufuta, mstari wenye kitanzi mwishoni. Ikatoka nyeusi. "Nyekundu iko wapi?"

"Hiki hakina rangi, mama," muuzaji akajibu. "Ni nyeusi na kijivu tu."

"Basi hakinifai."

"Mama!"

"Bila wino mwekundu mimi si msomaji. Wataniruka."

Mkwe alibishana mpaka akachoka. "Mchagua jembe si mkulima," akasema mwishowe, akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja. Bi Nukta alinunua chenye rangi. Muuzaji alimpa karatasi ya dhamana aweke sahihi, na yeye akaisoma yote, akairudisha ikiwa na masahihisho kumi na moja kwa kalamu nyekundu, ya kweli hiyo, kutoka mkobani. Mojawapo lilihusu kipengele cha kubadilisha kifaa ndani ya siku saba, ambapo neno "siku" lilikuwa limeandikwa mara mbili.

Siku mbili za kwanza alifurahi. Wekundu wake ulionekana kwenye pambizo, mkali na wenye adabu zake. Lakini kile kioo kilirudisha kila kitu kilichokuwa chumbani: dirisha, taa, uso wake mwenyewe wenye miwani. Kufikia adhuhuri macho yalikuwa yanatiririka machozi. Aliyafuta kwa upindo wa nguo akaendelea, akahamia pembeni mwa kabati, akaendelea, akafunga pazia, akaendelea. Mazoea yana taabu, na ukaidi ndugu yake. Mkwe alipita na beseni la maji, akamwona, akafunga mdomo wake, jambo ambalo kwake ni la kuandikwa kwenye historia.

Siku ya tatu mwongozo ulikuwa umesomwa mara ya kwanza, na Bi Nukta akaanza kurudi kinyumenyume. Alipofika sura ya dawa za maji, rula yake ilisimama. "50 mililita mtoto mpe." Alisoma tena. Akageuza ukurasa kutazama jedwali. Jedwali lilisema tano.

Moyo ulimlipuka. Si kwa sababu ya kosa, maana makosa ndiyo mkate wake. Ni kwa sababu ukurasa ule alikwisha kuusoma jana yake, na hapakuwa na alama. Tarakimu ilikuwa haijawahi kumpita katika usomaji wa kwanza, hata mara moja, miaka ishirini na minane. Alikaa akiutazama ule ukurasa, machozi yanashuka, na safari hii hakujua kama ni ya kioo au ni ya kwake. Alimfikiria muuguzi mmoja, wa zamu, aliyechoka, anayeamini kitabu.

"Mwanangu," aliita. "Vaa viatu."

Muuzaji aliwapokea kwa uso wa mtu aliyejua. Alichukua kile chenye rangi, akakikagua, akaleta cha kijivu.

"Lakini mama, nilikwambia hiki hakina..."

"Najua. Nimekubali. Nionyeshe kalamu zake."

Kwenye orodha ya kalamu palikuwa na maneno: nyembamba, nene, nyeusi, bluu, nyekundu. Bi Nukta alibonyeza nyekundu. Akachora kitanzi chake. Kikatoka kijivu.

"Hayo maneno yapo tu," muuzaji akasema kwa huruma. "Utaona kijivu."

"Acha ikae hivyo hivyo," Bi Nukta akasema. Mwanamke aliyevaa pete ya ndoa miaka kumi na mbili baada ya kufiwa na mume haombi ruhusa ya kuacha kalamu yake kwenye neno nyekundu.

Zilibaki siku saba, na aliuanza mwongozo upya kutoka jalada. Kila aliyeishi nyumba ile atakwambia kwamba wiki hiyo ilikuwa ya raha. Alisoma barazani mchana kweupe, jua likimwangukia begani, na ukurasa ukatulia kama karatasi. Alikuza herufi, akavua miwani mara mbili kwa majivuno. Upande wa daftari aliandika maswali yake kwa mwandishi, kila swali na namba ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna hata kikaratasi kimoja kilichopeperuka. Hiyo tano iliyojifanya hamsini aliiwekea duara, mshale, na maelezo ya mistari minne pambizoni. Akakuta makosa mengine madogo thelathini na sita yaliyompita mara ile ya kioo. Aliyahesabu, akatikisa kichwa, akamwambia mkwe ukweli: "Ulisema. Sikukusikia." Mkwe alisamehe papo hapo na akalikumbusha jambo hilo mara sita kabla ya kulala.

Kilichobaki moyoni ni ule wino. Asubuhi ya siku ya kumi, kabla ya kutuma, aliongeza ukurasa mbele ya kitabu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa: "Ndugu mpangaji, naomba radhi. Alama za mwongozo huu hazina rangi, kifaa changu hakiwezi. Ni za msomaji. Tafadhali usiziruke, hasa ukurasa wa themanini na nne. Kuna watoto." Mkwe akamsaidia kutuma faili. Kisha wakakaa. Bi Nukta alimenya viazi vingi kuliko watu waliokuwepo.

Simu ililia saa nane mchana. Alikuwa mpangaji kurasa, mmoja wa wale wasio na haya.

"Bi Nukta, unaumwa?"

"Kwa nini?"

"Nasoma hapa unaomba radhi, sijui hazina rangi, sijui kifaa hakiwezi. Mbona kurasa zinawaka moto? Nyekundu tupu! Tangu nianze kazi sijaona umemwaga wekundu namna hii."

Bi Nukta alitazama kishikwambi chake mezani. Kijivu. Akageuza ukurasa. Kijivu.

"Huko kwenu ni nyekundu?"

"Kama pilipili. Kwako haionekani kwa sababu hiyo skrini yako haina rangi, lakini ukiliambia nyekundu, faili linakumbuka. Ngoja, mkubwa anataka simu."

Mhariri mkuu hakuuliza habari za nyumbani hata mara moja. "Ukurasa wa themanini na nne," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Daktari aliyeandika aliusoma. Mimi niliusoma mara mbili. Hatukuona, Bi Nukta. Hatukuona. Nina kitabu kingine hapa. Na baada yake kingine. Nikutumie leo?"

"Tuma," alisema. Alitaka kuongeza neno la adabu, asante au karibu, lakini machozi yakamtangulia.

Mkwe alitokeza mlangoni na kitana mkononi, nyuma yake mteja aliyesukwa nusu ya kichwa. "Mama! Unalia? Wamekukataa?"

Bi Nukta alitikisa kichwa, akacheka, akalia tena, akamsogezea mkwe ile simu asikie mwenyewe. Upande wa pili mpangaji alikuwa ameshaichukua tena na alikuwa akipiga kelele.

"Mwambieni ule ukurasa wake wa radhi nimeufuta. Kitabu hakiendi kiwandani na kosa la wazi namna ile!"