Kitambaa cha Buluu kwenye Benchi la Mwisho

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ghala la zamani la kahawa pale Gihundwe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, limeshajaa watoto. Wako thelathini na wanne, miguu mitupu, na hakuna hata mmoja anayeimba. Wamelala chali juu ya mikeka, kila mmoja kaweka kikombe cha plastiki tumboni, na kazi yao ni kukipandisha na kukishusha kwa pumzi bila kukiangusha.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, mwanamke mmoja anapinda gauni la shule. Hawaangalii watoto. Anasikiliza. Kikombe kikianguka, anajua ni cha nani.

Huyo ndiye Védastine Nyiransabimana, miaka arobaini na mmoja, fundi cherehani wa soko la Kamembe. Tangu mwaka 2000, kila Agosti shule zinapofungwa, huacha cherehani yake kwa majuma matatu na kuendesha kambi ya mchezo wa nyimbo. Watoto wanaigiza, wanaimba na kucheza, kisha Jumamosi ya mwisho wanawaonyesha wazazi.

Tatizo ni kwamba Agosti ndio mwezi wa sare. Gauni moja humpa faranga mia nne, na mwezi huu peke yake humlisha karibu hadi Noeli. Kwa hiyo huja kambini na mfuko wa magauni yasiyopindwa. "Mikono inashona, masikio inafundisha," anasema kwa Kiswahili cha mpakani. "Nikiacha moja, tutalala njaa. Nikiacha ingine, nitagonjwa."

Mzazi anayemleta mwanawe akidhani atarudi jioni na wimbo mpya, ajiandae kushangaa. Juma la kwanza halina wimbo. Lina pumzi, lina kufagia, lina kutembea kwa kufuata ngoma ya Mzee Karim, seremala wa Kamembe aliyejenga jukwaa kwa mbao za masanduku ya chai. Mwandishi wa makala haya naye alipewa mkeka na kikombe. Kilianguka mara nne, na watoto hawakujisumbua kuficha kicheko.

Nyimbo huja juma la pili. La tatu ni la mavazi, na kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, hujishonea lake. Mchana ni maharage na viazi vitamu. Saa tisa wote wanaachiwa, kwa kuwa watano kati yao wanatoka Bukavu, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, na kizuizi cha darajani hakimsubiri mtu.

Védastine mwenyewe alizaliwa ng'ambo hiyo, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda. Masista wa shule yake walikuwa na mchezo wa nyimbo kila likizo kubwa, naye hakukosa hata mmoja. Mwaka 1995 alirudi nchi ambayo hakuwahi kuiona, akiwa na cherehani, watoto wawili na nyimbo zile kichwani.

Ana sheria mbili, na zote alizipata kwa kuumia.

Ya kwanza: jukwaani hafi mtu. Mwaka ule wa kwanza, miaka sita tu baada ya mauaji ya 1994, watoto waliigiza kifo cha mfalme, wakalia kama wanavyolia watu msibani. Akina mama waliokuwa wakitazama wakaanza kulia kweli. Mmoja alianguka, akabebwa hospitali.

"Ile kosa ilikuwa yangu," anasema Védastine, na sindano inasimama. "Nilisahau ni banani bamekaa mbele yangu. Hapa kwetu, muntu hawezi kuigiza kilio. Kilio iko karibu sana."

Sheria ya pili: kila nafasi ina wenyewe wawili. Mwaka uliofuata, siku tatu kabla ya maonyesho, familia ya mwimbaji mkuu ilivuka mpaka bila kuaga, na mchezo wote ukaharibika. Tangu hapo kila wimbo hufundishwa watoto wawili, na hakuna anayeambiwa kwamba yeye ni wa akiba. "Kwa mupaka, leo muntu iko, kesho haiko," anasema. "Wimbo haiwezi kumungoja."

Mchezo wa mwaka huu wa 2003 ni wa mbuzi aitwaye Maua. Anavuka daraja bila karatasi, na watu wa pande mbili za mto wanagombana ni wa nani. Mwenye mbuzi anasimama ukingoni na kumwita kwa wimbo hadi arudi. Wimbo huo ndio moyo wa mchezo.

Mwimbaji wake mmoja ni Bella, miaka kumi na mitatu, anayevuka daraja kila asubuhi na shangazi yake. Sauti yake inafika barabarani. Wa pili ni Umuhire, miaka kumi na mmoja, wa hapo hapo Gihundwe. Na hapo ndipo watu walipojiuliza kama Védastine ana akili zake timamu, kwa sababu sauti ya Umuhire haivuki benchi la tatu. Mtoto anajua kila neno na hakosei hata pumzi moja, ila hasikiki.

Mama yake, Laurence, muuza mboga, haoni sababu ya kuficha. Mwaka 1996 na 1997 walikuwa misituni Kongo wakikimbia vita, Umuhire akiwa na miaka mitano.

"Nilimufundisha kunyamaza," anasema. "Nilikuwa naweka mukono kwa kinywa yake. Mutoto akilia, bote tunakufa. Alijifunza muzuri. Sasa nikimwita kwa chakula anakuya, lakini haitike."

Védastine hamkaripii mtoto wa namna hiyo. Ana kipande cha kitambaa cha buluu, mabaki ya sare, na anayeimba asisikike kwenye benchi la mwisho huinuliwa kitambaa hicho, basi. Kwa Umuhire, mkono wa fundi uliinuka majuma mawili ya nyimbo hadi ukachoka.

Ikafika Jumamosi. Maonyesho ni saa nane. Saa nne habari zinafika kwamba kizuizi cha darajani kimefungwa. Milio ya bunduki imesikika Bukavu tangu alfajiri, na hakuna anayepita.

Watoto watano hawapo, Bella akiwa mmojawao. Kwa nafasi nne hakuna wasiwasi, wenyewe wa pili wapo. Inabaki ya mwenye mbuzi. Baba mmoja anashauri siku iahirishwe. Mzee Karim anashauri watoto wote wauimbe pamoja ule wimbo, angalau usikike. Védastine anatikisa kichwa. Umuhire amesikia yote hayo, na amekaa pembeni akivuta uzi wa vazi lake.

Saa nane kasoro kidogo, Védastine anakwenda mlangoni, ambako Laurence amesimama kama mtu anayetaka kuwahi kuondoka. Anamshika mkono, anamketisha kwenye benchi la mwisho, anamwekea kile kitambaa mapajani.

"Maman Umuhire, leo ni weye utasikia," anamwambia. "Kama hausikie, inua."

Kisha fundi anakwenda kukaa mbele kabisa, mgongo wake kwa benchi lile.

Mchezo ulianza vizuri, watu wakacheka mbuzi alipokula karatasi za mlinzi wa daraja. Halafu Umuhire akatoka peke yake. Aliimba mstari wa kwanza, na waliokaa mbele wakainama ili wapate neno. Nyuma yalisikika mabati tu yakilia kwa jua. Laurence alikuwa akitazama kile kitambaa. Mstari wa pili ukaenda hivyo hivyo.

Ndipo mkono wa Laurence ulipoinuka. Uliinuka polepole, mpaka kitambaa kikawa juu ya vichwa vya watu wote.

Umuhire alimwona mama yake. Alivuta pumzi kama aliyewekewa kikombe tumboni. Mzee Karim akarudia mdundo, akaurudia tena, na mtoto akamwita mbuzi wake kwa sauti iliyopasuka mwanzoni, kisha ikajaa ghala zima. Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo barabarani wakasimama. Wimbo ulikwisha, makofi yakaisha, na Laurence alikuwa bado ameinua mkono. Mwandishi wa makala haya hakuandika chochote dakika hizo, na haoni haya kulisema.

"Mimi namusikiaka hata akinyamaza," Laurence alisema baadaye. "Nilitaka na bale benye kuwa inje bamusikie."

Daraja likifunguliwa, mchezo utarudiwa ili Bella naye apate zamu yake. Lakini Védastine ameshaanza kuwaza Agosti ijayo. Anataka kuongeza juma moja la akina mama peke yao: waimbe wao, na watoto wakae benchi la mwisho wakisikiliza. Jina la kwanza kwenye orodha ni la Laurence. Laurence alimjibu kwamba hajui kuimba. Védastine akasema hilo hakuwa amemuuliza, akamwambia aje na kikombe.

Jioni fundi alirudi kwenye magauni yake, akakitafuta kitambaa cha buluu asikione. Atakata kingine, mabaki hayakosekani. Kile cha kwanza Laurence alikuwa ameshakifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akashika njia ya nyumbani, na Umuhire mbele yake akimwita Maua kwa sauti, mara kwa mara, na watu wa majumbani wakimwitikia.