Anastazi na Namba 510,511

Anastazi alifundisha hisabati katika sekondari moja ya Mabawe, na wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa fimbo. Siku ile alikuwa akieleza namba tasa, zile zisizogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa zenyewe. Akazizidisha tasa za mwanzo, kuanzia mbili hadi kumi na saba, akapata 510,510. Akaongeza moja.

"Gawanya 510,511 kwa yoyote kati ya hizo. Kila mara inabaki moja. Kwa hiyo hii nayo ni tasa."

Nahimana, binti wa familia iliyotoka Burundi, alinyoosha mkono. "Mwalimu, inagawanyika kwa kumi na tisa."

Kumi na tisa Anastazi hakuwa ameijaribu. Badala ya kuijaribu, alicheka. "Kaa chini. Au nikueleze kwa Kirundi?"

Darasa likaangua kicheko. Nahimana akakaa.

Kipindi kilipoisha, Anastazi alibaki peke yake akaigawanya kwa kumi na tisa ubaoni, ajihakikishie tu. Ikatoka 26,869, bila baki. Akarudia. Ikatoka ile ile. Akafuta ubao upesi kama mwizi, masikio yakimwaka.

Angeweza kusema kesho yake. Hakusema. Alijiambia kwamba mtihani umekaribia na mada imeshapita. Nahimana hakunyoosha mkono tena, na kila Anastazi alipopita karibu na dawati lake alijikuta anatazama pembeni.

Jumamosi moja, sokoni Benaco, alikutana na Suzana, mama yake Nahimana, akiuza ndizi.

"Mwalimu, habari za kazi?"

"Nzuri, mama."

"Mwanangu anataka kuacha hesabu. Anasema Kiswahili chake hakitoshi. Naomba umsaidie. Sisi wengine hatukusoma. Asante sana, mwalimu."

Anashukuriwa, naye ndiye aliyeharibu. Anastazi alishindwa kumtazama usoni. "Kiswahili chake kinatosha, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kosa ni langu." Lakini Suzana alikuwa ameshageukia mteja, hakusikia.

Jumatatu aliandika 510,511 ubaoni.

"Niliwaambia hii ni tasa. Nilikosea, Nahimana alikuwa sahihi. Tena nikamcheka lugha yake, na hilo ni baya kuliko kukosea hesabu. Nahimana, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Akamnyooshea chaki.

Nahimana akaja, akaandika 19 × 26,869. Akasita, kisha chini yake akaandika 19 × 97 × 277. Kumbe aliendelea nayo mwenyewe mpaka mwisho. Chaki akaiweka mezani, si mkononi mwa mwalimu.

"Asante," Anastazi alisema.

Nahimana akarudi kukaa.

Hesabu hakuiacha. Lakini alipokwama alimpelekea maswali mwalimu wa fizikia. Anastazi aliwaona kupitia dirisha la ofisi, wameinamia karatasi, na hakuwa na la kulalamika.