Mstari wa Plau

Nakumbuka siku moja baba yangu alirudi kutoka kulima, amechoka, ng'ombe bado wana nira shingoni na plau inaburuzwa nyuma yao. Shamba letu hapa Buger liko juu, nyumba iko chini. Ncha ya plau ilichora mstari kwenye njia, kuteremka moja kwa moja hadi uani.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini akasimama.

"Umechora nini hapo, Yohana?"

"Ni alama tu, mama. Mvua ikinyesha itafutika."

"Marehemu baba yako plau alikuwa anaibeba begani."

"Marehemu alikuwa na mabega ya punda!"

Bibi alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Haitafutika. Maji yatapita humo humo."

Baba aliingia ndani kula. Kesho yake akaiburuza plau tena palepale.

Mwanangu, bibi hakuendelea kugombana naye. Alituita sisi watoto, mimi na Paskalina, binti wa jirani yetu wa upande wa pili wa njia. Aliweka udongo juu ya bati chakavu, akaliinamisha kwenye jiwe. Upande mmoja alipandikiza majani yenye mizizi, upande mwingine akachora mstari kwa ukucha. Kisha akamimina maji kwa kikombe, taratibu. Kwenye majani maji yalijikongoja yakatoka karibu safi. Kwenye mstari yalikimbia, yakala kingo, na udongo ukarundikana chini kama uji uliomwagika.

"Hivi ndivyo makorongo yote yalivyochongwa," alisema, "hadi lile kubwa linaloishia kule Olbalbal. Maji hayana haraka, ila ukiyachorea njia yanapata haraka."

"Bibi, yatatuchukua na sisi?" Paskalina aliuliza.

"Wewe na maneno yako hayo mengi? Yatakurudisha."

Tulicheka sana. Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya watu, na Paskalina ndiye aliyeniulizia maswali yangu yote.

Masika ile mstari ukawa mtaro. Masika zilizofuata mtaro ukawa korongo. Baba alijaza mawe na mabua ya mahindi, maji yakayabeba. Mwanzoni mimi na Paskalina tuliruka. Baadaye tuliweka gogo tukavuka. Halafu gogo likawa fupi, tukabaki kupungiana mikono, kila mmoja kwenye ukingo wake. Mwishoni ukingo wao ulifika jikoni kwao, wakavunja nyumba wakahamia mbali, upande wa Mbulu. Bibi alifariki, baba akamfuata. Baba yako anafanya kazi Arusha. Tumebaki mimi na wewe.

Ndiyo maana huna wa kucheza naye. Uliniuliza jana, nakujibu leo.

Na jana hiyo hiyo nilikuona unaburuza tawi kuteremka kutoka shambani, unaimba, umefurahi. Nyuma yako kulikuwa na mstari, upande huu wetu, umenyooka hadi mlangoni. Nilikupigia kelele hadi ukalia. Mimi kusema sijui, mwanangu, maneno yananikwama. Kwa hiyo naandika, polepole hivyo hivyo, ili ukijua kusoma uelewe kwamba sikukukasirikia wewe. Ulipolala jioni nilichukua jembe nikaufukia ule mstari wote, nikaukanyaga kwa miguu.

Sasa shika haya. Kitu kizito kibebe, usikiburuze kwenye mteremko. Lima kwa kukata mlima kwa upana, usilime kwa kushuka nao. Ng'ombe wabadilishie njia kabla hawajaichimba. Yale matete niliyopanda juu, pale korongo linapoanzia, usimruhusu mtu ayakate yote kwa ajili ya mifugo, hata akiwa mjomba. Yanashika udongo. Mwaka huu ukingo haujasogea. Na mtoto mwenzako akija, chukua bati, muonyeshe kama bibi alivyotuonyesha. Usingoje kwanza apoteze jirani.

Mungu akupe mvua ya kunywesha shamba na isiyobeba shamba. Akupe udongo unaokaa, na jirani wa karibu, ambaye ukimwita kutoka mlangoni ataitika, na akiitika, atafika.