Mume Wangu Amembandika Mwigizaji wa Kichina Maisha Yangu

Naomba ukurasa huu ufiche jina langu na la shule ninayofundisha. Mengine yote yasomwe kama yalivyo. Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tano, mwalimu wa sekondari hapa Tunduma. Chuoni nilisoma Kichina. Mume wangu hutafsiri tamthilia za Kichina: huzungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kisha watu wa mtaa wetu wa Chapwa, na hata Wazambia wa ng'ambo ya mpaka, huja dukani kwake kujaziwa kwenye flashi.

Kabla ya kila tamthilia yeye husimulia wasifu wa nyota wake, na mwandishi wa wasifu huo ni mimi. Safari hii alitaka wa mwanamke mmoja, mwimbaji na mwigizaji. Nilisoma mahojiano yake kwa Kichina, nikayalinganisha, nikaigawa karatasi safu mbili. Penye yaliyothibitika niliandika mji aliozaliwa, kwaya ya shule aliyoanzia kuimba, na tamthilia yake ya kwanza, ambamo alibeba sinia tu bila kusema neno. Penye uvumi niliandika kwamba eti alitengenezwa pua, na kwamba eti wimbo uliompa jina aliimbiwa na mtu mwingine. Kuhusu mtoto sikuandika lolote, kwa kuwa sikukuta mtoto akitajwa popote.

Wiki mbili baadaye nilikuwa dukani, nikawasikia akina mama wawili wakichagua.

"Usinipe ya huyo," mmoja alisema. "Si ndiye aliyemtupa mtoto kwa bibi?"

"Ndiye! Kajipaka shubiri kwenye titi mtoto aache kunyonya, kamwacha amelala, kapanda gari na sare za shule. Mpaka leo mtoto anamwita dada!"

"Uzuri wote ule, kumbe nyoka. Madamu, wewe unayejua Kichina, ni kweli?"

Niliinama nikajifanya natafuta flashi. Nikiwa na miaka kumi na minane nilizaa binti nyumbani kwetu Itumba. Mama yangu alimchukua kama kitinda mimba wake ili mimi nirudi shule katika wilaya nyingine, na nyumba nzima ikakubaliana kwamba mtoto ataniita dada. Shubiri, usingizi wake, zile sare: hayo nilimsimulia mtu mmoja tu duniani, mume wangu, kabla hatujaoana, nikilia kifuani pake.

Nilikwenda kuisikiliza rekodi ya wasifu ule. Alisoma safu yangu ya kwanza, akasoma ya pili kana kwamba nayo imethibitika, kisha akaongeza ya tatu, aliyoitoa chumbani kwetu. Aliisoma kwa ile sauti yake ya puani ya kuigizia vilio, ambayo wateja huipenda sana. Nilitapika. Sisemi kwa mfano. Nilitoka nje nikatapika.

"Mwalimu, ilihitaji chumvi," alinijibu jioni nilipomuuliza, akiendelea kula. "Kwaya na sinia nani anataka? Na huko China nani atasikia?"

"Rekodi upya. Waambie si kweli."

"Sawa, nitasema si ya Mchina." Akalamba kidole, akacheka. "Wakiniuliza ni ya nani, niwajibu nini, mke wangu?"

Tangu siku hiyo siwezi kunyoosha mkono kwenye sahani moja naye. Hata akisalimia wageni sebuleni, nasikia kile kilio cha puani.

Jumapili binti yangu alinipigia. "Dada, umemsikia shemeji alivyomweleza yule Mchina? Mimi ningekuwa mwanawe, ningemtemea mate!" Nami nikacheka naye. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa mume wangu kikanigeukia mwenyewe.

Ndugu zangu, mwanamke asiyenijua anatukanwa mji mzima kwa jambo nililolifanya mimi. Nikimsafisha, mume wangu atautaja ukweli wangu kwa sauti ileile, na binti ataujulia kwenye flashi. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwachia mgeni aibu yangu aibebe. Shule zikifungwa wiki ijayo, binti anakuja kwangu. Je, niende Itumba kabla, nikamwambie mbele ya mama yangu kwamba mimi ndiye niliyemzaa? Au nimpokee stendi kama dada yake mara nyingine tena? Nielekezeni, nianzie wapi?