Ishara za Watu wa Baiskeli

Wanaosema kulipiza kisasi hakuna utamu hawajawahi kulipiza. Mimi nimelipiza, tena mbele ya mji mzima wa Busia, na sijuti.

Baba alikuwa anabeba mizigo kwa baiskeli pale mpakani Busia, kwenye njia za panya. Askari wa forodha wakitokea, watu wa baiskeli hawakupiga kelele. Waliambiana kwa mikono. Mwenzako akishika sikio, zunguka kando. Akipangusa paji la uso, njia ni nyeupe, pita katikati. Akigonga kiwiko, mpe mwenzako mzigo. Na akigeuza kofia, mbele ikawa nyuma, hapo hakuna mjadala: rudi ulikotoka. Nilizijua ishara hizo kabla sijajua kusoma.

Nilipoenda Nairobi kulipwa kwa kucheza mpira wa kikapu, nilizibeba. Mimi ndiye nilikuwa napanga mashambulizi, na kocha alizipenda kwa sababu wapinzani hawakuambulia kitu. Akazikariri zote. Baada ya muda akawa anawaambia waandishi wa habari kwamba amezitunga yeye mwenyewe. Ningesema nini, na yeye ndiye alikuwa anaamua nani acheze?

Halafu goti likapasuka. Nilikuwa bado nimelala sakafuni, nimeuma jezi kwa maumivu, nikamsikia akimwambia msaidizi wake, "Huyu amekwisha. Mpeleke kituo cha basi, akauze ndizi kwao mpakani." Hakuinama hata kunitazama. Wenzangu wakacheka. Hadi leo mvua ikija na goti likianza kuuma, kicheko kile ndicho ninachosikia kwanza.

Nikarudi nyumbani Bukhayo kwa mama. Nilichechemea shambani mwaka mzima, kisha nikaanza kufundisha vijana wa Busia kwenye uwanja wa saruji uliojaa nyufa. Mama aliona vile nilivyokuwa nakunja uso nikisikia jina la ile timu. Aliniambia kila mara, "Mwanangu, mwachie Mungu." Nilimwachia Mungu miaka saba. Mungu naye akamleta kocha Busia.

Timu yake ilikuwa imeboronga msimu mzima, ikabidi icheze na sisi, vinara wa daraja la chini, mechi moja: mshindi acheze ligi kuu, mshindwa acheze huku chini. Ijumaa nilipita kwenye steji za boda, nikawatafuta wazee waliobeba mizigo na baba. Nikawaambia, "Kesho njooni uwanjani. Mtaona vitu vyenu."

Kocha alinikuta langoni. "Habari, boss," akasema, akapita. Hakunikumbuka! Aii, heri angenitukana.

Mpira ulipoanza, akashika sikio. Mzee mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Wanazunguka hao!" Vijana wangu wakawahi kando, wakanyang'anya mpira. Kocha akagonga kiwiko. "Anampa mwenzake mzigo!" wakapokea watu wa boda wote, hadi akina mama wauza omena wakadakia. Akageuka kuwatazama, jasho linamtoka. Akapangusa paji la uso, maskini, jasho tu, na wachezaji wake wakavamia katikati ambako tulikuwa tumejaa tele. Mwishowe akatia mikono mfukoni. Vijana wake wakabaki wanamtazama tu, hawajui waende wapi, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwa amewafundisha kitu kingine. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Tuliwachapa vibaya. Nilifurahi, nisimdanganye mtu, nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, alikuja kwangu polepole, amenyoosha mkono. Sasa alikuwa ananitazama goti.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Lakini mimi ndiye niliyekulea, ndugu yangu. Njoo tuongee kama watu wazima."

Nilivua kofia yangu, nikaivaa tena, mbele ikawa nyuma. Nyuma yangu nikasikia mzee mmoja akicheka. Nilipogeuka, watu wa boda wote walikuwa wamegeuza kofia zao.

Maana yake aliijua vizuri. Nilimfundisha mimi. Akashusha mkono, akaelekea kwenye basi.