Nyasi za Kumshukuru Ng'ombe

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya dawa, hospitalini Karatu, alipoingia mama wa Kimaasai, mtoto mgongoni, nyasi mbichi mkononi. Akaweka nusu ya zile nyasi kwenye kaunta. Muuguzi akanyoosha mkono azizoe kama takataka.

"Acha, mwanangu. Kwetu nyasi ni shukrani. Hizo zenu, hizi nampelekea ng'ombe wangu."

"Ng'ombe, mama?"

Akaeleza. Siku ile mtoto alipozidiwa na homa, alimbeba kuitafuta barabara. Huko juu Ngorongoro ukungu ukashuka, njia ikapotea. Ndipo akasikia kengele ya ng'ombe wake. Akaifuata mpaka barabarani, akapata lifti ya kumleta hapa, mtoto akatibiwa akapona.

"Kumbe ng'ombe alikuwa malishoni," muuguzi akasema.

"Alikuwa ameshakufa kwenye ukame. Kengele yake iko nyumbani, nimeitundika."

Mimi, kwa kimbelembele changu cha kuandika magazetini, nikamwambia ukungu huchezea sauti. Bila shaka ilikuwa kengele ya ng'ombe wa jirani.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Inawezekana, baba. Basi nionyeshe huyo jirani, nimpe nyasi hizi."

Mgongoni pake mtoto alikuwa anatafuna andazi, makombo yakimwangukia mama shingoni. Muuguzi akaziokota zile nyasi za kaunta, akazitia kwenye glasi ya maji pale dirishani.

Wasomaji wangu, maelezo yangu bado nayaamini. Ila wakati wa kutoka nilipita karibu na ile glasi, nikajikuta nimevua kofia.