Miaka Kumi na Minane Nikinakili Noti za Profesa Arkadi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na kalamu tatu, rula na kiburi. Kule kwetu Uvira, Kongo, niliongoza kwaya ya kanisa, na huko ndiko nilikojifunza kuandika noti za mistari mitano. Hapa Toronto nilikuwa nimefunga maboksi miaka minne katika ghala moja la Malton. Mkuu wa shule ya muziki, pale Downsview, alinipeleka hadi chumba cha mwisho, akanionyesha mzee mrefu aliyevaa koti ndani ya nyumba. "Huyu ndiye Profesa Arkadi," akasema. "Akikufokea, usikimbie. Waliotangulia walikimbia."

Profesa alikuwa mtunzi kutoka Urusi, mtoto wa fundi wa treni wa mji mmoja kando ya Volga. Alifundisha piano na utunzi tangu ujana, kwao na kisha hapa, na sasa vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka. Alihitaji mnakili. Ninyi mnaobonyeza kitufe kompyuta ikatema karatasi hamuijui kazi hiyo. Mtunzi huandika daftari kuu lenye sauti zote pamoja, kisha mnakili humtolea kila mpigaji karatasi yake peke yake, kwa wino, akihakikisha ukurasa unageuzwa pale mpigaji anapopumzika. Ukikosea hapo, mpiga fidla atageuza karatasi kwa pua!

Tulizungumza Kifaransa, chake cha vitabuni, changu cha Uvira.

"Madamu Furaha," aliniambia, "sheria ni moja. Nakili kilichoandikwa. Usiongeze, usipunguze. Na jina la mnakili haliandikwi popote."

"Sawa, Profesa," nikajibu, ingawa moyoni nilinuna.

Alikuwa mwalimu mkali. Mwanafunzi akiboronga, hakupiga kelele. Alifunga kifuniko cha piano taratibu akamwambia auimbe wimbo kwanza, ndipo apige. Walilia, wakarudi, na wengi wao leo wanaishi kwa muziki.

Lakini kabatini mwake kulikuwa na kazi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: wimbo mrefu wa kwaya na okestra aliomtungia marehemu mama yake. Kwao, enzi za ukomunisti, wakubwa waliukataa kwa sababu ulikuwa na maneno ya sala. Hapa kila kwaya ilisema ni mgumu. Alipofika miaka themanini na moja aliniambia, "Nitakufa nao kichwani." Nilimhurumia sana.

"Nipe mimi, Profesa. Nina kwaya."

Kanisa letu limepanga katika jengo la viwanda, ukuta kwa ukuta na ghala la magodoro. Waimbaji ni Wakongo na Warundi arobaini, wengi wahudumu wa wazee na wafanyakazi wa viwandani. Noti za mistari mitano hawazijui. Wanasoma solfa, yaani herufi d, r, m na wenzake, na do yetu huhama: wimbo ukipandishwa, nayo hupanda. Nikauandika upya wimbo wote kwa herufi, miezi mitatu.

Profesa alipouona, uso ulimwiva. Alikosomea yeye do ni moja tu, ile ya piano, haibanduki. Akachukua kalamu nyekundu akakata ukurasa wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi na mbili.

"Umeharibu! Do ni do!"

Nilikasirika, siwafichi. "Profesa, do yako imekaa kitako tangu uzaliwe. Yetu ina miguu. Njoo Jumapili usikie."

Akaja, akaketi nyuma na koti lake. Nikawagawia waimbaji nakala za kurasa zilezile alizozikata. Walikuwa hawajawahi kuziona. Nikawatolea do, wakaanza kusoma polepole. Baba Simeoni wa besi, mpakua mizigo uwanja wa ndege, alianza kuimba kabla ya zamu yake, akajirekebisha. Kufikia ukurasa wa tatu sauti zote nne zilikuwa zimesimama imara. Nikageuka. Profesa alikuwa amesimama, machozi yakimtiririka hadi kwenye skafu. Akaja mbele, wala hakushukuru.

"Besi, tena," akasema. "Mmeingia mapema."

Alitufundisha mwaka mzima. Wanafunzi wake wa zamani walikuja kupiga ala bila kubembelezwa. Siku ya onyesho ukumbi ulijaa, na wimbo ulipoisha akina mama wakapiga vigelegele. Profesa akaniuliza kwa hofu kelele hizo ni za nini.

"Wamekukubali, Profesa."

Sasa nimestaafu na macho yamechoka, lakini nawaambia wajukuu zangu bila haya kwamba niliifanya kazi ile vizuri. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa nakala safi ya wimbo huo kwa maktaba ya shule. Kwenye jalada Profesa alikuwa ameandika jina lake, na chini yake, kwa herufi zilizopindapinda: "Solfa: Furaha Nabintu."

"Hili la chini naliacha," nikamwambia. "Ni sheria yako."

Akavaa miwani, akanitazama kama mwanafunzi aliyeboronga.

"Nakili kilichoandikwa, Madamu. Usipunguze."